Haboba wangu wa Koboko alivyowawekea kahawa wachezaji wa Marekani

Fyuuuu… kwaa, kwaa… fyuuuu… halafu shwaaaaa.

Hiyo ni redio ya marehemu babu yangu ikitafutiwa stesheni. Na ile shwaaa ya mwisho si mvua, ingawa ilikuja kama mvua inayovuka kutoka upande wa Kongo na kutua juu ya mabati. Ni watu. Uwanja mzima wa watu, huko Marekani, wanapiga kelele kwa pamoja.

Bado naisikia hadi leo.

Wakuu, nawasalimu wote humu, wa bara na wa pwani, wenye kazi na wanaojifanya wako kazini. Mimi ni msomaji wa kimyakimya, mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia akaunti. Juzi nimeona vijana wanabishana kuhusu ule mpira wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega kama kabati. Mmoja akaandika kwamba mtu wa huku kwetu hawezi kuuelewa hata akifundishwa hadi kiama.

Nikacheka peke yangu jikoni hadi mboga ikashika chini.

Sasa ngoja niwape hii. Imenitokea mwenyewe na chumvi sijaongeza. Mkiona ladha imezidi, hiyo ni ya Haboba, si yangu.

Mahali ni Koboko, West Nile, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Haboba kwa Kinubi ni bibi. Sisi ni Wanubi, wazee wetu walikuja na jeshi kutoka Sudan wakabaki. Kiswahili chetu ni cha kambini, "iko" kila mahali, ngeli tuliziacha njiani. Wa pwani mtuvumilie, na msinisahihishe marehemu wangu.

Nilikuwa msichana wa darasa la saba basi, shule iliishia hapo. Lakini ndoto nilikuwa nazo, jamani. Nilikuwa nateka maji huku nikisoma taarifa ya habari kwa sauti, kuku ndio wasikilizaji.

Mwaka huo mjomba wangu Juma, aliyekuwa karani Arua, akatuma ujumbe kwa dereva wa basi. Posta ya Arua inatafuta wasichana wa kukaa kwenye simu, wale wa kuunganisha waya. Wanataka mtu wa Kiingereza kidogo, Kiswahili, na sauti safi. Nafasi yangu ipo, lakini niwe nimefika mara tu baada ya Idd.

Wakuu, nililia kwa furaha. Halafu nikalia tena, kwa sababu Haboba Rukia alikataa.

Yeye ndiye aliyenilea, na neno lake ndilo lilikuwa mlango wa nyumba ile. Akasema hawezi kumtoa mtoto wake akaongee na watu wasio na uso. Kwake, sauti bila uso ni jini.

Msimcheke. Babu alipofariki akiwa kazini mbali, habari ililetwa kwa simu ya kambini. Haboba aliitwa, akapewa kile chuma akiweke sikioni. Sauti ya mwanamume asiyemjua ikasema babu amekufa, ikakatika. Haikusema pole. Haikumwambia akae.

Kwa hiyo nilipomsihi alikuwa anajibu kitu kimoja tu. "Mimi nimesikia hiyo simu yenu. Iko baridi."

Ukawa mwezi wa Ramadhani na mimi nahesabu siku zinavyopungua bila jibu jipya.

Sasa anaingia Tomasi.

Tomasi alikuwa kijana wa Kimarekani, fundi wa pampu za maji. Alikuwa amezunguka Adumi na Aroi akifufua visima, ndipo akaletwa kwetu kwa sababu pampu ya mtaani ilikuwa inatoa milio tu bila maji. Mrefu, mwembamba, masikio yameiva jua kama nyanya.

Kiswahili chake alifundishwa kitabuni, kile chenyewe kabisa. Siku ya kwanza alimwambia Haboba, "Shikamoo bibi, umeamkaje?" Haboba akanigeukia akaniuliza huyu ni shehe wa wapi.

Basi akampenda hapo hapo. Kila magharibi Tomasi anaitwa kufuturu. Hafungi, lakini anakaa mkekani anasubiri adhana kama sisi, mate yanamtoka kwa gurusa, ile mikate yetu laini, na maharage ya simsim, yaani ufuta.

Jumapili moja akaja asubuhi, uso umeanguka. Haboba akauliza kama ni malaria. Akasema hapana, ni mpira. Timu ya mji aliozaliwa ilikuwa inacheza siku hiyo, na baba yake amesafiri nayo kwenda kuitazama. Kwa mara ya kwanza tangu atoke kwao mchezo wao ungetangazwa kwenye masafa mafupi, lakini karedio kake kalikuwa hakashiki kitu zaidi ya mikwaruzo.

Haboba akatazama redio ya babu. Redio ya mbao, kubwa kama sanduku la nguo, na waya wake umepanda hadi ncha ya mwanzi mrefu juu ya paa. Tangu afariki babu ilikuwa inafunguliwa kwa Kurani na habari tu.

Akasema, "Zaitun, anika betri."

Mnaojua mnajua. Betri zikichoka unazianika juani. Nilishinda nazo uani nikizigeuza kama samaki.

Habari ikasambaa. Nyumbani kwa Rukia kuna mpira leo baada ya tarawehe. Majirani wakaja na vigoda vyao, na mbele kabisa Mzee Sururu, askari mstaafu wa enzi za Waingereza, aliyepigana Burma na hajawahi kukuacha usahau. Sururu na Haboba walitaniana tangu ujana wao. Wengine walisema aliwahi kumposa akakataliwa. Sijui, ila alikuwa mara zote na kiu ya kahawa ya nyumba ile.

Kila mtu alijua anakuja kusikiliza mpira wa miguu. Tomasi alisema futboli, na futboli ni futboli.

Fyuuuu. Kwaa kwaa. Shwaaaaa.

Tomasi aliposikia ile kelele akashika mdomo. Kisha akagundua kwamba akishika waya kwa mkono, sauti inasafika. Akabaki amesimama, mkono juu, kama mtoto aliyeomba ruhusa shuleni. Alikaa hivyo usiku wote.

Tatizo likawa Kiswahili. Kile chake cha kitabuni kilimtoka chote kama maji kwenye kikapu. Mtangazaji naye anaongea kama anakimbizwa na nyuki. Ikawa hivi: mtangazaji anasema, Tomasi ananirudishia kwa Kiingereza cha polepole, na mimi ndiye nawaambia watu.  Moyoni nilikuwa nasema, Zaitun, hii ndiyo redio yako.

Sururu akauliza nani amepiga mpira. Nikamwambia hawapigi, wameukumbatia.

Sururu akanigeukia.

"Futboli gani ya kukumbatia?"

Tomasi akaeleza, nikaeleza. Kwamba mpira unabebwa. Kwamba kila timu inapewa nafasi nne za kusogea mbele kipande cha ardhi, ikishindwa inampa mwenzake mpira. Watu wakaanza kunyanyua vigoda vyao waende. Ndipo Sururu akajipiga paja.

"Kaeni. Hii mimi najua. Hii ni kesi ya mpaka wa shamba."

Wakuu, hakuna mwalimu aliyewahi kufundisha mchezo ule vizuri hivyo. Watu wote walikuwa na jirani aliyewasogezea mpaka. Wakarudisha vigoda chini. Kuanzia hapo nikisema "wamesogea kidogo," mtu anauliza kama wamepanda na miti.

Haboba alikuwa pembeni anatwanga kahawa na tangawizi, hajihusishi. Akauliza tu kule ni saa ngapi. Nikamwambia kwao bado mchana. Akasema kama ni mchana na hawajafunga, ndio maana wana nguvu ya kurukiana.

Sasa likaja lile neno.

Tomasi alitaka kunieleza kwamba timu yake haiko kwao, imekwenda kucheza kwenye uwanja wa wengine. Neno "ugenini" la watangazaji wa mpira mimi nilikuwa silijui. Nikatafuta kichwani, nikasema kilichokuja.

"Timu ya Tomasi ni wageni."

Kinu kikanyamaza.

Haboba akauliza, "Wageni wa nani?"

Nikasema wametoka mbali, wamekwenda kwa watu. Akauliza wamefikia kwa nani. Nikamuuliza Tomasi, Tomasi akasema hotelini. Nikatafsiri. Haboba akauliza kwa sauti ya chini, mji mzima ule hakuna nyumba?

Akaacha mchi. Akavuta kigoda chake hadi mbele ya redio, akamsukuma Sururu kwa kiwiko.

Tangu hapo mchezo ukabadilika, maana kila nilichosema kilipita kwanza kwenye mizani ya Haboba. Nikisema mgeni amepata mpira, anaitikia taratibu. Nikisema wenyeji wamemwangusha mgeni, watu wanne wamemlalia juu, anashika kichwa.

"Hao watu iko na mama kweli?"

Sururu, kwa uchokozi tu, akawa wa wenyeji. Akasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haboba akamjibu bila kumtazama.

"Hao iko siku ya kwanza, Sururu. Na wewe iko hapa mwaka wa ngapi? Jembe yako iko wapi?"

Watu walicheka hadi Tomasi akauliza kuna nini, waya ukamponyoka, Marekani nzima ikapotea. Tulimzomea akaushika tena.

Halafu Tomasi akaruka. Aliruka juu na waya mkononi, anapiga kelele neno moja tu, "Touchdown, touchdown!" Mimi hilo, kumbe ndilo bao lao, sikuwahi kulisikia. Shuleni hatukufundishwa. Lakini "touch" ni kugusa na "down" ni chini, hayo niliyajua, na watu wote wananitazama. Nikasema, "Wageni wamefika chini."

Haboba akauliza, "Wamekaa?"

Nikafikiri kidogo. Nikasema ndiyo, wamekaa.

"Alhamdulillahi," akasema, akashusha pumzi kama mtu aliyetua kuni. "Mwisho wamepewa mkeka."

Na mtaa mzima ukaitikia alhamdulillahi. Hadi leo ukienda Koboko ukakuta mzee wa rika langu, mwambie wageni wamekaa chini, uone atakavyocheka.

Mchezo ukaendelea kwa namna hiyo. Wageni walikaa chini mara nyingine tena. Wenyeji nao walikaa, lakini Haboba hakuona ajabu, mtu kukaa nyumbani kwake ni kitu gani.

Kahawa ikawa tayari. Haboba akamimina kwenye vile vikombe vidogo visivyo na mkono, akampa Tomasi kwanza maana ni mgeni, akampa Sururu, akazungusha. Kisha akamimina kimoja zaidi, kilichojaa vizuri, akakiweka chini mbele ya redio.

Sururu akauliza cha nani.

"Ya wageni."

Sururu akachekelea. Akasema watakunywa vipi, hao hawana hata uso.

Haboba akajibu polepole, anafuta mdomo wa birika kwa kitambaa.

"Uso yao mimi naona. Zaitun ananionyesha."

Wakuu, hapo nikasahau kutafsiri, nikabaki nakitazama kile kikombe.  Kwa sababu mimi nilijua kilichosemwa. Wengine walisikia habari ya kahawa tu.

Mwishoni kabisa wageni walikuwa nyuma kwa pointi mbili. Muda umekaribia kuisha. Tomasi akasema limebaki jambo moja, mtu atapiga mpira kwa mguu upite katikati ya nguzo mbili. Ukipita, wageni wameshinda.

Sururu akasema, "Hatimaye mguu."

Tukasogea karibu na redio. Hata watoto. Haboba midomo inacheza, nadhani ilikuwa dua. Mtangazaji akapandisha sauti, shwaaa ya watu ikapanda, mpigaji anakimbia…

Kwaa. Fyuuuu. Fyuu.

Betri zimekufa.

Tomasi alizungusha kile kifundo, akabadilisha mkono, akapanda kwenye kigoda. Nikazitoa betri, nikazisugua kwenye gauni, nikazirudisha. Wapi. Akakaa chini, amekumbatia magoti, na nikaona kweli ni kijana mdogo tu aliye mbali na baba yake.

Haboba akakichukua kile kikombe cha redio, kimeshapoa. Akamkabidhi.

"Wewe ndiye mutu yao hapa. Kunywa."

Akanywa chote.

Matokeo tulikuja kuyajua baadaye sana, Tomasi alipokwenda Kampala kuchukua vipuri na kukutana na wenzake. Ule mpira uligonga nguzo ukarudi. Walishindwa. Alirudi akamwambia Haboba kwa upole, kama anayeleta msiba. Haboba akamuuliza kama wote walifika kwao salama. Akasema ndiyo, na baba yake pia. Haboba akamwambia basi, sasa hapo umeshindwa nini?

Lakini turudi kwenye asubuhi iliyofuata usiku wa mchezo. Nilikuwa nafagia uani, nikiokota vipande vya mikeka na maganda ya karanga. Haboba alikuwa mlangoni. Akaniita bila kuniangalia, kama anaongea na ufagio.

"Hiyo kazi ya waya ya Arua. Mutu akipiga kutoka mbali, ni wewe unamfungulia mulango?"

Nikasema ndiyo, Haboba.

"Na akiwa na habari mbaya?"

Nikasema siwezi kujua ana habari gani. Lakini najua amefika kwangu kwanza.

Nikafagia pale pale nilipokwisha kufagia.

"Basi nenda. Lakini usiache mutu inje."

Nilikwenda, wakuu. Siku ya tatu ya Idd nilikuwa kwenye basi la Arua na kisanduku cha nguo alichoacha babu, na gurusa za njiani za kulisha basi zima.

Kazi ile niliifanya miaka mingi, hadi mambo yalipoharibika kwa vita mwishoni mwa miaka ya sabini na sisi wenyewe tukawa wageni wa watu, ng'ambo ya mpaka. Hiyo ni stori nyingine na si ya leo. Ila niseme hivi: tulipofika kule tukakuta nyumba zilizotumiminia kahawa kwanza na kutuuliza majina baadaye. Nilimkumbuka Haboba kila kikombe.

Nilichojifunza? Kwamba mtu hukosea neno akapatia maana. Kama ningelijua neno "ugenini" usiku ule, ningetafsiri vizuri kama watangazaji, Haboba angeendelea kutwanga kahawa yake, na mimi leo ningekuwa bado nawasomea kuku taarifa ya habari.

Na wewe kijana uliyeandika kwamba hatuwezi kuuelewa mpira ule, njoo nikueleze. Ni kesi ya mpaka wa shamba, na wageni wanatafuta mahali pa kukaa. Kuna la kuongeza?

Wadau, nani humu amewahi kupewa maisha na neno alilotafsiri vibaya? Wekeni hapa chini, nitasoma yote, mjukuu ameniongezea bando. Na wa West Nile mliotawanyika, jitokezeni, nataka kuwajua mababu zenu.

Nimalizie na kimoja ambacho sikumwambia hata Haboba.

Siku yangu ya kwanza kuachwa peke yangu kwenye simu pale Arua, msimamizi alikwenda kunywa chai. Sheria ilikuwa wazi. Kile kibati kidogo kikianguka ujue mtu anaita, unasema "Number, please" kwa Kiingereza, unachomeka waya, basi. Hakuna maneno mengine.

Kibati kikaanguka. Simu ya mbali. Mwanamume, sauti imechoka, akanitajia namba anayoitaka.

Nikafunga swichi asinisikie. Nikatazama mlango, hakuna mtu.

Nikasema taratibu, "Karibu. Kaa chini."

Ndipo nikachomeka waya.